Mvua Imepungua, Sukari Imeisha, Wewe Umepotea: Namna ya Kuyasema kwa Kiingereza

Nafundisha Kiingereza cha jioni Sinza, Dar es Salaam, na mchana natafsiri barua, ripoti na matangazo ya watu. Hakuna wiki inayopita bila kuulizwa: "Mwalimu, kupungua kwa Kiingereza ni nini?" Huyu anataka kufifia, yule kutoweka, mwingine kuisha. Nikimpa neno moja nimempoteza, na nikieleza upya kila siku sauti inanikauka. Basi nimeyaandika hapa, uyasome kwa nafasi yako na kuyarudia unapokwama.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa Kiswahili mvua imepungua, homa imepungua, foleni imepungua, wateja wamepungua, maji ya Jangwani yamepungua, na hakuna atakayekuuliza una maana gani. Kitenzi kimoja kinatosha. Kiingereza hugawa kazi hiyo kwa vitenzi vingi, na kinachoamua kitenzi kipi kije ni kile kinachopungua. Kwa hiyo usianze na kitenzi. Anza na kinachoondoka.

Nililijua hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilitafsiri ripoti ya kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Katibu aliandika kwamba wanachama wanane wamepotea, yaani wameacha kuja vikaoni. Nikaandika "Eight members have disappeared." Mfadhili aliposoma alipiga simu usiku uleule kuuliza kama polisi wamearifiwa. Mwenyekiti, mama wa watu, alibabaika hajui ajibu nini, maana hao wanane alikuwa akipishana nao sokoni. Kilichotakiwa ni "Eight members have stopped coming," au kwa lugha ya ripoti, "Eight members have dropped out." Tangu siku hiyo siandiki "disappear" kwa binadamu kabla sijatulia na kufikiri.

Kabla ya kuanza, uwe na vitu hivi

- Daftari. Kaunta buku dogo linatosha. Upande wa kushoto utaandika kinachoondoka, upande wa kulia kitenzi chake.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, ya karatasi au ya kwenye simu, ilimradi ina sentensi za mifano. Kamusi inayotoa neno kwa neno tu haitakusaidia katika kazi hii.
- Sentensi yako mwenyewe ya Kiswahili, ile unayotaka kuisema leo. Usijifunze maneno haya kwa orodha tupu. Yatakutoka kichwani kabla wiki haijaisha.

Hatua ya 1: Andika sentensi kwa Kiswahili na upige mstari chini ya kinachoondoka

Usiruke hatua hii hata kama unajiona mzoefu. "Dawa imeisha." Piga mstari chini ya *dawa*, kisha jiulize: ni dawa yenyewe iliyokwisha kwenye chupa, ni nguvu yake mwilini, au ni tarehe iliyoandikwa kwenye boksi? Kwa Kiswahili twasema "imeisha" kwa zote tatu na mwenzetu anatuelewa kwa kuangalia tulipo. Kwa Kiingereza ni vitenzi vitatu:

Chupa ni tupu: "We have run out of the medicine."
Ganzi imeachia, maumivu yanarudi: "The medicine has worn off."
Tarehe imepita: "The medicine has expired."

Nawasisitizia sana hili wanafunzi wangu wanaofanya kazi zahanati na maduka ya dawa. Ukimwambia daktari mgeni "the medicine is finished" wakati mgonjwa anaanza kusikia maumivu ya mshono, atatuma mtu stoo akalete chupa nyingine, na mgonjwa anaendelea kuumia.

Hatua ya 2: Kitie kinachoondoka kwenye fungu lake

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

*Rangi, mwanga, sauti, kumbukumbu, matumaini.* Vitu hivi vinapoteza ukali huku vyenyewe vikiwa bado vipo. Kitenzi chake ni "fade." Maandishi ya kibao cha duka yaliyopigwa jua: "The sign has faded." Gari la matangazo likipita mtaani na muziki ukaenda ukididimia kuelekea barabara kuu: "The music faded." Sura ya babu uliyemwona ukiwa mdogo: "The memory is fading." Hina mkononi siku kumi baada ya harusi: "The henna has faded."

Ila angalia kanga. Wauzaji wengi wa mtandaoni wananiletea maelezo ya bidhaa nikague, na karibu wote wanachanganya kuchuja na kupauka. Umenunua kanga Kariakoo, umeifua mara ya kwanza, maji yamekuwa mekundu na shati jeupe la shule limeharibika. Hiyo imechuja: "The colour ran," au "The dye bled." Kanga nyingine haijamchafua mtu, ila imeanikwa juani miezi mpaka nyekundu imekuwa kama waridi kavu. Hiyo imepauka: "It has faded." Mteja wa ng'ambo akisoma "may fade" ataielewa kama tahadhari ya jua, ataitupa mashineni pamoja na mashuka yake meupe, kisha atakudai pesa. Andika "Colours may run. Wash separately."

*Akiba na idadi.* Samaki, wateja, wanachama, fedha za kikoba, miti ya mikoko: vitu vinavyohesabika au kupimika, vikipungua kidogo kidogo hadi vikaribie kwisha. Hapo ndipo penye neno "dwindle." Hutamkwa *dwindo*, ile "l" ya mwisho ikiwa nyepesi sana. "Our savings have dwindled." "Fish catches are dwindling." Likitaka kufika mahali hushika "to": "Our savings have dwindled to nothing." Mimi nalipenda neno hili kwa sababu ndani yake mna huzuni kidogo. Kinachofanya "dwindle" kinaelekea kubaya. Kwa hiyo usiseme deni lako "has dwindled" unapotangaza kwa furaha kwamba umelipa sehemu kubwa. Sema "I've paid off most of it."

Kama ni watu waliotapakaa mahali na sasa wanapwaya, kuna "thin out." Mechi ya Simba na Yanga ikifika dakika za mwisho na upande mmoja umeshakata tamaa, pale Uwanja wa Benjamin Mkapa viti vinaanza kuonekana: "The crowd is thinning out." Kitenzi hicho hufaa pia kwa magari barabarani, na kwa nywele za utosini "thin" peke yake hutosha: "His hair is thinning."

*Vitu vyenye msukosuko.* Mvua, upepo, homa, uvimbe, maumivu, mafuriko, hasira, kelele. Hivi vilikuwa vimepanda, sasa vinashuka au kutulia. Kila kimoja kina mwenzake aliyezoeana naye, na hapa hakuna njia ya mkato, ni kuyashika jozi kwa jozi. Mvua: "The rain has eased," au "The rain has let up." Homa na uvimbe: "The fever has gone down," "The swelling has gone down." Maumivu: "The pain has eased." Kelele, moto, upepo: "die down." Maji ya mafuriko yakiacha barabara ya Jangwani na kurudi kwenye mto Msimbazi: "The floodwater has receded." Foleni ya Ubungo ikilegea: "The traffic has eased." Kwa maandishi rasmi, "subside" hufaa kwa homa, uvimbe, maumivu, mafuriko na hata hasira.

*Vitu vya matumizi.* Sukari, gesi, vocha, umeme wa Luku (wa kulipia kabla), muda. Hivi "run out." Nitavirudia kwenye makosa.

*Vitu visivyoonekana tena.* Kilikuwepo, sasa hakipo mbele ya macho: "disappear." Kama kimeondoka kufumba na kufumbua, au kimeacha mshangao: "vanish." Jahazi likizama kwenye upeo wa macho ukiwa umesimama Coco Beach: "The dhow disappeared over the horizon." Mwizi wa simu kwenye daladala aliyeyeyuka kituoni: "He vanished into the crowd." Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, ungesema "Sugar was scarce," au "Sugar disappeared from the shelves." Ya pili ina picha zaidi, na ni Kiingereza cha kawaida kabisa.

Hatua ya 3: Pima kasi

Ukishajua fungu, jiulize mwendo. Ni wa konokono au wa mwewe?

Wa polepole una maneno mengi. "Taper off" ni kupungua kama mkia wa mjusi, taratibu mpaka ncha. Masika ya Dar, yanayoanza Machi, mwishoni mwa Mei huwa hivyo: "The long rains taper off towards the end of May." "Peter out," linalotamkwa *pita aut*, ni kuanza vizuri kisha kuishia njiani bila tamati. Ni neno la wachimba madini wa Marekani wa karne ya 19, walilolitumia pale mshipa wa madini ulipokwisha mwambani. Lifikirie kwa lami inayomegeka kidogo kidogo mpaka ukaingia vumbini, au kwa mazungumzo yaliyokosa la kuongeza: "The tarmac peters out after the bridge." "The conversation petered out."

Wa kasi ni mambo mengine. Hesabu za serikali zilionyesha tembo wa Tanzania kuwa kama 109,000 mwaka 2009, na kufikia 2014 wakawa kama 43,000. Miaka mitano. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandaa mazungumzo ya kuongoza watalii aliandika "elephants dwindled." Sarufi yake haina kosa, lakini neno hilo linaipoza habari. Zaidi ya nusu ya tembo wa nchi nzima katika miaka mitano ni kuporomoka: "The elephant population plummeted." Kwa barafu ya Kilimanjaro, iliyoanza kupimwa 1912 na tangu hapo ikapoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake, mwendo ni wa karne nzima. Hapo "The ice is shrinking" au "The glaciers have dwindled" inakaa sawasawa.

Hatua ya 4: Jiulize kama kitarudi

Wanaoishi karibu na bahari wanapata hatua hii haraka kuliko wengine. Maji yakipwa pale Kigamboni hakuna anayelia kwamba bahari imekwisha, maana yatajaa tena baada ya saa sita hivi. Hilo ni "ebb": "The tide is ebbing," au kwa mazungumzo ya kawaida, "The tide is going out." Mwezi nao baada ya kuwa mpevu huanza kumegeka: "The moon is waning." Hutamkwa *weining*. Maneno haya mawili yameazimwa kwa nguvu, hamu na ushawishi: "Her strength was ebbing," "His influence is waning." Yanapotumika hivyo hayakuahidi kurudi, lakini hayajafunga mlango.

Mlango unafungwa na "die out" na "extinct." Lugha isiyo na msemaji hata mmoja imekufa: "The language has died out." Mnyama asiyebaki hata mmoja: "It is extinct."

Na hapa nakuomba uwe mwangalifu kwa ajili ya kiumbe chetu wenyewe, chura wa Kihansi. Chura huyu mdogo wa manjano aliishi sehemu moja tu duniani, kwenye rasharasha za maporomoko ya Kihansi katika milima ya Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zilikauka na vyura wakaanza kufa. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Lakini wengine walikuwa wamehifadhiwa hai kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo huko Marekani. Mwaka 2010 wakarudishwa mia moja hapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Kwa hiyo ukiandika "The Kihansi toad is extinct" umesema uongo. Hali iliyotangazwa 2009 ni "extinct in the wild." Maneno matatu yale ya nyongeza yana uhai wa chura ndani yake.

Kitu kinachoondolewa kwa mpango, awamu kwa awamu, ni "phased out." Usafiri wa mabasi ya Mwendokasi ulipoanza Dar 2016, daladala za njia ya Kimara hadi katikati ya mji ziliondolewa: "Daladalas were phased out on that route." Mifuko ya plastiki ilikuwa tofauti. Tarehe 1 Juni 2019 ilipigwa marufuku, siku moja, basi: "Plastic bags were banned."

Hatua ya 5: Angalia nani anatenda

Kiswahili kina *pungua* na *punguza*, *potea* na *poteza*, na mtoto wa darasa la kwanza hakosei. Kiingereza nacho kina tofauti hiyo, ila haionekani kwenye umbo la neno, lazima uijue.

Vinavyotokea vyenyewe: dwindle, disappear, vanish, subside, ebb, wane.
Vinavyotaka mtu wa kutenda: reduce, remove, lose.
Vinavyokubali kote kuwili: shrink, diminish, decrease, fade.

Kosa la kwanza la Dar nzima liko hapa: "The rain has reduced." Tunalisema maofisini, tunalisema redioni, na mimi nililisema hadi ukubwani. "Reduce" kwa kawaida ni *punguza*. Mvua haipunguzi kitu. Dereva ndiye anayepunguza: "The driver reduced speed." Mahali pa kawaida ambapo "reduce" husimama peke yake ni jikoni, mchuzi unapoachwa uchemke maji yapungue uwe mzito: "Let the sauce reduce."

Kosa la pili ni kuvipa vile vinavyotokea vyenyewe umbo la kutendwa. "The file was disappeared." "My phone was vanished." Hapana. "The file disappeared," basi. Na ujue kwamba "He was disappeared" ni Kiingereza sahihi chenye maana nzito: mtu alichukuliwa kwa siri na wenye nguvu, na ndugu zake hawajui aliko. Usiliandike neno hilo kwa bahati mbaya.

Hatua ya 6: Chagua kijineno cha nyuma

"Die" na "wear" hubadilika kabisa kwa kijineno kimoja. Waliokwisha kusoma nami wanajua nawafundisha kwa kuku na viatu.

Vifaranga wa Goba walioingiliwa na mdondo wanakufa mmoja mmoja: "The chicks are dying off." Aina fulani ya kuku wa kienyeji isipofugwa tena na yeyote: "The breed is dying out." Kelele za banda zikitulia jioni: "The noise is dying down." Jogoo akiwika mbali na sauti ikaishia hewani: "The sound died away."

Viatu sasa. Soli imekwisha, havivaliki: "My shoes have worn out." Dhahabu ya kupaka kwenye bakoli imebanduka: "The gold has worn off." Ngazi ya msikiti wa kale iliyolika kwa nyayo za miaka mingi: "The steps have worn away." Yaandike haya saba kwenye daftari leo. Ukiyashika, nusu ya safari umeimaliza.

Hatua ya 7: Irudishe kwa Kiswahili

Funika sentensi yako ya Kiswahili kwa mkono, soma ile ya Kiingereza, uitafsiri upya kana kwamba huijui. Ukipata kitu tofauti na ulichoanza nacho, rudi Hatua ya 1. Kama ningefanya hivi kwa ile ripoti ya akina mama, "Eight members have disappeared" ingenirudishia *wanachama wanane hawajulikani walipo*, na ningeona kosa langu kabla karatasi haijatoka mezani.

Makosa ninayosahihisha kila siku

"The sugar is finished." Kenya, Uganda na hapa kwetu utaeleweka bila shida. Kwa mtihani, kwa barua ya kazi au kwa mgeni, sema "We've run out of sugar," au kwa kifupi "We're out of sugar." Ikiwa imebaki kidogo, "We're running low on sugar."

"My bundle is finished." Jiulize kama ulivyofanya kwa dawa. Umeitumia yote: "I've run out of data." Saa 24 zimepita na ulikuwa na MB zimebaki: "My bundle has expired." Ukimlalamikia mtoa huduma kwa barua pepe, tofauti hiyo ndiyo kesi yako yote.

"The electricity is finished." Kama ni Luku, "The units have run out." Kama umekatika mtaa mzima, "The power has gone out."

"The Ruvu has dried up." Mwishoni mwa 2022 kina cha mto Ruvu kiliposhuka na jiji la Dar likaingia kwenye mgao wa maji, niliona tafsiri za namna hii. "Dry up" ni kukauka kabisa, unavuka kwa miguu mikavu. Mto uliokuwa bado unatiririka: "The water level in the Ruvu has dropped." Fedha za wafadhili zikikatika kabisa, hapo "The funding has dried up" inafaa.

"The patient expired." Wauguzi hulitumia, na si kosa la sarufi. Lakini usimwandikie hivyo mfiwa. Maziwa na leseni ndivyo vinavyo-"expire." Mtu "passed away," au kwa uwazi wa heshima, "died."

"A child is disappeared." Tangazo la mtoto aliyepotea liandikwe "Missing child," na ndani yake "He went missing on Saturday afternoon." Kitambulisho kilichopotea ni "lost." Na aliyetoroka na pesa za kikoba "has disappeared with the group's money." Hapo "disappear" inamstahili.

Ukikwama

*Hujui kitenzi gani kinakwenda na neno lako.* Usitafute kitenzi kwenye kamusi. Tafuta nomino. Fungua "fever," soma mifano, utaona yenyewe imefuatana na "go down" na "subside."

*Programu ya kutafsiri inakupa "reduce" kila mara.* Umeipa neno moja. Ipe sentensi nzima, pamoja na kinachopungua, na bado uipitishe Hatua ya 7.

*Sentensi ni sahihi lakini rafiki yako anasema unaongea kama gazeti.* Umeweka "diminish" au "subside" kwenye WhatsApp. Shusha: "go down," "let up," "die down."

*Neno limekutoka ukiwa mbele ya mtu, pengine kwenye usaili.* Usigandie. Tumia "less" na "fewer." Kisichohesabika: "There's less rain now." Kinachohesabika: "There are fewer customers." Kilichokwisha: "It's gone." Hakuna atakayejua ulikuwa unatafuta neno jingine.

*Mgeni amekwambia "The light is fading" na wewe umekimbilia kuangalia mita.* Anamaanisha jua linakuchwa, giza linaingia. Taa ikififia kwa umeme mdogo angesema "The lights are dimming."

*Sauti ya unayeongea naye kwenye simu inakatikakatika.* Usimwambie "Your voice is disappearing." Mwambie "You're breaking up."

*Umekutana na mtu ambaye hamjaonana siku nyingi na ulimi unataka kusema "You are lost!"* Kwetu "Umepotea!" ni salamu ya upendo, ina maana nimekukumbuka. Kwa Mwingereza ni kumwambia hajui njia, naye ataanza kukuuliza barabara. Sema "It's been ages!" au "Long time no see!" Na akikwambia wewe kwanza, mjibu "I know, I've been so busy. How's the family?"